Je, Vijana wa Tenisi Waweza Kuwafikia Mabingwa?

Ukutani mwa ghala moja la mawese mjini Rumonge, hatua chache kutoka ufuko wa Ziwa Tanganyika, kuna alama nyingi za mviringo zilizoachwa na mpira mmoja uliochakaa. Aliyeziweka alama hizo ni binti wa miaka 11, mtoto wa askari polisi wa mjini hapo. Kila jioni, akishamaliza kuosha vyombo, na kabla wavuvi hawajawasha taa zao kwenda kutega ndagala, hupiga mpira huo kwa raketi ya kuazima mpaka giza limzuie. Mwalimu mmoja wa michezo aliyepita hapo amewashauri wazazi wampeleke mtoto Bujumbura, akakae kwa shangazi yake na kufundishwa tenisi katika kiwanja halisi. Tangu siku hiyo nyumba ile imegawanyika.

Mama mtu yu tayari. Baba anasitasita. Mwenye kupinga ni baba mkubwa wa mtoto, askari mstaafu ambaye neno lake huheshimiwa na ukoo mzima.

"Kaka, mtoto ana kipaji," alisema polisi yule jioni moja walipokuwa wamekaa barazani.

"Kipaji nakiona, mdogo wangu, macho bado ninayo. Lakini niambie, ni kijana gani aliyepata kuwatoa mabingwa wale watatu mahali pao? Miaka ishirini nimekaa na redio, na majina ni yale yale. Wewe wataka kumtoa mtoto nyumbani akawakimbilie watu wasiofikika!"

Swali la mzee huyo si la kudharauliwa. Majina aliyoyasikia redioni ni ya Roger Federer wa Uswisi, Rafael Nadal wa Hispania na Novak Djokovic wa Serbia. Kila mwaka mchezo wa tenisi huwa na mashindano makuu manne, yaani ya Australia, ya Ufaransa, ya Wimbledon kule Uingereza, na ya Marekani. Tangu Federer aliposhinda Wimbledon mwaka 2003 hadi Djokovic aliposhinda Marekani mwaka 2023, mashindano makuu ya wanaume yaliyochezwa yalikuwa 81. Watu watatu hao walitwaa 66: Federer 20, Nadal 22, Djokovic 24. Wanaume wengine wote wa dunia nzima waligawana 15 yaliyobaki.

Katika miaka hiyo hawakukosekana vijana waliosifiwa kwamba wao ndio warithi. Stefanos Tsitsipas wa Ugiriki alifika fainali mbili kuu, mwaka 2021 na mwaka 2023, na mara zote mbili alimkuta Djokovic amesimama ng'ambo ya wavu. Habari za Alexander Zverev wa Ujerumani zinasikitisha zaidi. Alipoteza fainali ya kwanza mwaka 2020 mikononi mwa Dominic Thiem wa Austria. Ya pili, mwaka 2024, na ya tatu, mwaka 2025, alizipoteza kwa vijana waliozaliwa miaka kadhaa baada yake. Alikuwa akingoja wazee waondoke, na walipoanza kuondoka wadogo wakampita mlangoni.

Wadogo hao ni Carlos Alcaraz wa Hispania na Jannik Sinner wa Italia, na hapa ndipo hoja ya mzee wa Rumonge inapoanza kulegea. Mwaka 2023 Alcaraz, akiwa na miaka 20, alimshinda Djokovic katika fainali ya Wimbledon kwa seti tano. Katika miaka miwili ya 2024 na 2025 mashindano makuu manane ya wanaume yaliishia kwao wote wawili, kila mmoja manne. Kwa hiyo vijana waweza. Hata hivyo ieleweke kwamba kumfikia bingwa si kumfuta: mwezi Agosti 2024, katika Michezo ya Olimpiki ya Paris, Djokovic mwenye miaka 37 alimnyima Alcaraz medali ya dhahabu.

Linalopasa kuchunguzwa na mzazi ni jambo jingine kabisa, nalo ni jinsi vijana hao walivyovuka miaka ya katikati, baina ya utoto na ubingwa. Sinner ni mtoto wa mpishi na mhudumu waliofanya kazi katika nyumba ya wageni milimani. Aliondoka kwao akiwa na miaka 13 kwenda kuishi na kujifunza katika chuo cha tenisi pwani ya Italia. Alcaraz alizaliwa katika familia ya tenisi, lakini hata hivyo ilipobidi asafiri mpaka Kroatia akiwa mtoto wa miaka 10, mfanyabiashara mmoja wa kwao ndiye aliyelipa. Djokovic alikulia Beograd, mji uliopigwa mabomu mwaka 1999, naye alipelekwa Ujerumani akiwa na miaka 12, ilhali baba yake akihangaika na madeni ya riba kubwa. Kila mmoja wao alikuwa na mkono wa mtu mzima nyuma yake, na mkono huo ulikuwa umeshika fedha, au ulikuwa umekopa.

Mfano ulio karibu zaidi na watu wa Maziwa Makuu ni ule wa wasichana waliokutana Wimbledon mwezi Julai 2022. Ilikuwa fainali ya vijana, wasichana wawili wawili kila upande. Upande mmoja alikuwapo Angella Okutoyi wa Kenya, mwenye miaka 18, akicheza pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Upande wa pili walikuwapo Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko. Huyu wa mwisho alikuwa bado hajatimiza miaka 16, na wazazi wake ni wenyeji wa Kongo waliohamia Marekani na kisha Kanada. Okutoyi na mwenzake walipoteza seti ya kwanza 3 kwa 6, wakashinda ya pili 6 kwa 4, na katika mchezo wa kukata shauri wakashinda 11 kwa 9. Mipira miwili tu iliwatenga. Kenya nzima ilishangilia, na ilikuwa haki yake, kwa maana msichana huyo alilelewa na bibi yake baada ya mama yake kufariki katika uzazi, na mapema mwaka ule ule kule Australia alikuwa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mchezo katika mashindano makuu ya vijana.

Kama msomaji angeulizwa siku ile nani kati ya wasichana hao atawashinda mabingwa wa dunia, pengine angemtaja mshindi. Miaka mitatu ikapita. Mwezi Agosti 2025, huko Montreal, Victoria Mboko, akiwa na miaka 18, aliwashinda katika mashindano mamoja wanawake wanne ambao kila mmoja wao amewahi kutwaa taji kuu: Sofia Kenin, Coco Gauff, Elena Rybakina, na katika fainali Naomi Osaka wa Japani. Alipoteza seti ya kwanza ya fainali 2 kwa 6, kisha akashinda 6 kwa 4 na 6 kwa 1. Mwanzoni mwa mwaka huo jina lake lilikuwa nje ya 300 bora duniani.

Na Okutoyi je? Hakulala. Alikwenda Marekani kusoma na kuchezea Chuo Kikuu cha Auburn katika jimbo la Alabama. Mwezi Machi 2024 alitwaa medali ya dhahabu katika Michezo ya Afrika mjini Accra. Dhahabu hiyo ilimfungulia njia ya kwenda Olimpiki ya Paris, kwa sharti kwamba awe miongoni mwa 400 bora duniani ifikapo mwezi Juni. Sharti halikutimia. Bingwa wa Afrika akabaki nyumbani. Wenye haraka ya kuhukumu wakasema ameshuka. Lakini msichana aliyepata elimu ya chuo kikuu kwa raketi yake hawezi kuitwa aliyeshuka, na mzazi mwenye busara angeomba apate mtoto kama huyo.

Ili kufahamu kwa nini njia zao zilitengana hivyo, yafaa kujua jinsi orodha ya ubora inavyopangwa. Mchezaji hupewa pointi kwa mashindano aliyocheza, na kila pointi hufutika baada ya wiki 52. Mwenye kukaa nyumbani kwa kukosa nauli hupoteza pointi zake hata kama hakushindwa na mtu. Mwenye pointi chache haruhusiwi kuingia mashindano makubwa, ambako ndiko pointi nyingi ziliko, basi hulazimika kuzunguka katika yale madogo, mji baada ya mji, akijilipia ndege, chumba na mwalimu, kwa zawadi ambayo aghalabu haitoshi kurudisha gharama. Mboko alianza mwaka 2025 katika mashindano madogo ya namna hiyo, akashinda michezo 22 mfululizo, na hivyo akapanda. Kipaji anacho tele. Lakini pia alikuwa na nchi yenye viwanja vya ndani vinavyochezwa hata theluji ikianguka, na ndugu zake wakubwa walikuwa wameishika raketi kabla yake.

Burundi nayo haikukosa mtu wa kutajwa katika habari hizi. Sada Nahimana alizaliwa mwaka 2001, mwaka ule ule aliozaliwa Sinner. Alijifunza tenisi Bujumbura, akapita katika kituo cha vijana cha Shirikisho la Kimataifa kilichoko Casablanca, Morocco, na baadaye akaingia miongoni mwa wanawake 300 bora duniani. Kwa nchi yenye viwanja vya kuhesabika, kazi hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika. Zamani Bujumbura yenyewe ilikuwa na kituo cha shirikisho hilo kwa ajili ya vijana wa Afrika Mashariki, kabla ya kituo hicho kuhamia Nairobi. Hasara ya kituo kuhama haionekani mwaka ule ule. Huonekana baada ya miaka kumi, pale mtoto wa Rumonge anapotafuta mahali pa kwenda na kukuta hapapo karibu. Heri kwa majirani wa Kigali, ambao wameandaa mashindano ya kulipwa ya wanaume katika mji wao, kwa kuwa vijana wao huweza kutafuta pointi bila kupanda ndege.

Wako wanaosema kwamba msichana asiyepata ubingwa kabla ya miaka 20 amekwisha kuchelewa. Hao wakumbushwe habari za Ons Jabeur wa Tunisia. Alikuwa bingwa wa vijana wa mashindano ya Ufaransa mwaka 2011, na baada ya hapo ikamchukua miaka 11 kufika fainali kuu ya wakubwa, Wimbledon, mwaka 2022, katika siku zile zile Okutoyi alipokuwa akishangiliwa. Jabeur alishindwa fainali hiyo, akashindwa na nyingine mbili baada yake. Lakini alipata kuwa mchezaji wa pili kwa ubora duniani, na hakuna Mwafrika anayesema alipoteza wakati wake.

Kwa hiyo, mzee wa Rumonge anapouliza kama vijana waweza kuwafikia mabingwa, jibu ni ndiyo, wamekwisha kuwafikia, na mmoja wao damu yake ni ya Kongo, ng'ambo ya ziwa lile lile analoliangalia kila asubuhi. Lakini akiuliza kama mtoto wa nduguye atawafikia, hapo swali hubadilika. Haliwezi kujibiwa kwa kumtazama Federer. Hujibiwa kwa kuhesabu: mshahara wa polisi, chumba cha shangazi, ada ya shule, viatu vinavyochakaa kila baada ya miezi michache, na nani atakayemsindikiza msichana kutoka kiwanjani jua likizama. Wazazi wengi huyaacha mambo haya wakidhani kipaji kitayatatua. Wengine, na hao ni wengi zaidi, humzuia mtoto kabisa kwa sababu hawezi kuwa bingwa wa dunia, kana kwamba kila anayefundishwa kuogelea lazima avuke ziwa mpaka Kongo.

Jumapili iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, polisi yule alianza tena maneno yake kwa uangalifu, akitazamia ugomvi. Kaka yake hakumkatiza. Alimsikiliza hadi mwisho, akanyamaza kitambo, kisha akauliza:

"Kutoka kwa shangazi yake mpaka kiwanjani, ni mwendo gani kwa miguu?"

"Sijui, kaka. Sijaupima."

"Basi hujui kitu. Jumamosi tutapanda basi wewe na mimi, tukaupime. Na mtoto akae hapa na mama yake. Asiambiwe lolote mpaka turudi."

Mtoto alikuwa nyuma ya mlango.