Baa zimejaa, neti inakwama: tatizo si nguvu ya mawimbi peke yake

Watumiaji wengi wa simu huchukulia zile baa za juu ya kioo kama kipimo cha neti. Zikijaa, mtu anategemea video ifunguke bila kukwama. Isipofunguka, lawama ya kwanza huwa ni kwamba mnara uko mbali. Mara nyingi sivyo.

Baa zinapima mawimbi yamefika kwa nguvu kiasi gani. Hazisemi kama yamefika safi. Ni kama mtu anayepaza sauti kwenye ukumbi mtupu: unamsikia vizuri tu, ila mwangwi unafanya maneno yapandane, huelewi anasema nini.

Mwangwi wa mnara

Mawimbi ya redio hayaji kwa njia moja. Mengine yanakuja moja kwa moja, mengine yanagonga ghorofa, bati au mlima kwanza, ndipo yafike yakiwa yamechelewa. Kuchelewa huko ni kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, lakini kunatosha kuvuruga data.

Chukua mfano wa 2G. Kwenye mfumo wa GSM, biti moja inachukua kama sehemu 3.7 za milioni ya sekunde. Katika muda huo wimbi linasafiri takriban kilomita 1.1. Kwa hiyo wimbi lililozungukia mlimani likaongeza kama kilomita moja linafika sambamba na biti inayofuata. Moja inasomeka sifuri, sifuri inasomeka moja.

Simu inavyolisafisha wimbi

Dawa yake ni ikwalaiza. Wengi wanaijua kwenye redio ya gari, pale unapopandisha besi. Ndani ya simu, kazi yake ni kunyoosha kilichopindishwa njiani.

Kwenye GSM, kila furushi la data lina biti 26 katikati ambazo simu inazijua tayari. Simu inalinganisha zilivyotakiwa kufika na zilivyofika, inakadiria njia imeharibu nini, halafu inasahihisha biti zilizobaki. Ukiwa ndani ya basi njia inabadilika kila wakati, ndiyo maana kazi hii inarudiwa zaidi ya mara 200 kwa sekunde.

Mbinu ya ikwalaiza inayojirekebisha yenyewe ilianzia kwenye simu za waya, kwa kazi ya Robert Lucky wa Bell Labs, Marekani, mwaka 1965.

4G inafanya tofauti kidogo. Inaigawa data katika vijito vingi vinavyokwenda polepole, inaacha nafasi ya kama sehemu 4.7 za milioni ya sekunde ili mwangwi upite, kisha inasahihisha kila kijito peke yake. Mwangwi uliozunguka zaidi ya kilomita 1.4 unaivuka nafasi hiyo, na usumbufu unarudi.

Inapogonga mwamba

Ikwalaiza haifanyi miujiza. Ikikuza wimbi lililofika dhaifu, inakuza na kelele zake. Makosa yakizidi, simu inaomba data itumwe tena, na mnara unashusha kasi ili yapungue.

Hapo hasara inasambaa. Mnara unagawa muda wake kwa wateja wote. Anayetumiwa data ile ile mara mbili tatu anakula nafasi ya wenzake, na neti inakuwa nzito hata kwa aliye karibu na mnara.

Chini ya bahari mambo ni hayo hayo. Mwanga unaopita kwenye mkongo hutawanyika kadiri unavyosafiri, na vifaa vya kisasa vya mwisho wa mkongo hunyoosha utawanyiko huo kidijitali. Ndivyo mikongo ya zamani inavyoweza kubeba data zaidi bila kutandazwa mipya. Lakini tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikayumba, hakukuwa na cha kunyoosha. Kilichopinda kinanyooka. Ambacho hakijafika, hakirekebishiki.

Mteja aulize nini

Kampuni za simu hupenda kutangaza asilimia ya watu waliofikiwa na mtandao. Kufikiwa maana yake wimbi limefika. Swali la kuzibana kampuni hizo, na wasimamizi kama TCRA ya Tanzania na CA ya Kenya, ni hili: ndani ya nyumba, saa za jioni watu wakiwa wengi, data kiasi gani inafika bila kurudiwa? Jibu lake linahitaji minara zaidi mabondeni na mikongo ya akiba, na hiyo ni pesa. Kuiachia chipu ya simu ipambane ni rahisi zaidi.

Kwa sasa, neti ikikwama na baa zimejaa, sogea hatua moja au mbili. Kwenye masafa ya megahezi 800, wimbi lina urefu wa sentimita 37 hivi, kwa hiyo hata hatua moja inaweza kubadilisha jinsi mwangwi unavyokutana kwenye simu yako.