Kanuni Zisibadilishwe Mchezo Ukiendelea

Jumamosi moja usiku, hapa Bamburi, mpwa wangu na wenzake watatu walikuwa mbele ya kompyuta wakicheza na rafiki zao walioko Nairobi. Mchezo wenyewe ni wa masimulizi: mmoja husimulia kisa, wengine huigiza kila mtu mhusika wake, na dadu huamua nani afaulu. Kisa kilipopamba moto, programu ilijibadilisha bila taarifa. Silaha na uwezo wa wahusika, vilivyokusanywa kwa miezi, vikawa vingine. Vijana wakabishana hadi usingizi ukawashinda.

Wapo watakaosema huo ni upuuzi wa vijana. Mimi sioni hivyo. Bao letu lina mashimo 32 na kete 64, na kanuni zake zimo vichwani mwa wachezaji. Seremala aliyelichonga hawezi kuja katikati ya mchezo kupunguza kete. Katika michezo ya mtandaoni, seremala hajaliachilia bao lake kamwe.

Mchezo wa Dungeons & Dragons ulipotolewa Marekani mwaka 1974, ulichezwa kwa vitabu na karatasi. Siku hizi wengi huucheza kupitia D&D Beyond, huduma ya mtandaoni iliyonunuliwa na kampuni ya Hasbro mwaka 2022. Mnamo Agosti 2024 wenye mchezo walitangaza kwamba, katika kurasa za wahusika, uchawi na vifaa vya ajabu vya kanuni za 2014 vingeondolewa na kuwekwa vya toleo jipya. Wachezaji, waliokwisha kulipia vitabu vya awali, walipinga vikali, na baada ya siku chache kampuni ikaghairi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: ilitangaza kabla ya kutenda, ndiyo maana malalamiko yalifaa.

Pasipo tangazo, mambo huwa mengine. Julai 2009, Amazon ilifuta vitabu viwili vya George Orwell kutoka vifaa vya Kindle vya wasomaji waliokwisha kuvinunua, kwa kuwa aliyeviuza hakuwa na haki navyo. Fedha zilirudishwa. Lakini mwanafunzi mmoja wa Michigan alibaki na maelezo aliyoyaandika kwa ajili ya masomo, bila kitabu cha kuyapa maana. Ilimbidi aende mahakamani.

Sikatai marekebisho. Kasoro ya usalama haingojei mkutano. Lakini kanuni na yaliyomo ni jambo jingine. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu bidhaa na huduma. Kwa maoni yangu, taarifa ya mapema ni sehemu ya haki hiyo, pamoja na hiari ya kubaki na toleo la zamani.

Walimu wenzangu, maazimio ya kazi na alama za wanafunzi wetu zimo katika programu za namna hiyo hiyo. Tudai taarifa, na tuweke nakala za karatasi. Mpwa wangu sasa humwandika mhusika wake katika daftari.