Si Uzee Tu

Kuna maneno matatu yanayowamaliza wazee wa kanisa letu, nayo husemwa kwa upole mkubwa: "Ni uzee tu." Mama akifa ganzi miguuni, ni uzee tu. Baba akiamka mara nne usiku kwenda haja ndogo na kiu haimwishi, ni uzee tu. Mjomba akidondoka shambani na mdomo umepinda upande mmoja, hapo maneno hubadilika: ama ni mapenzi ya Mungu, ama kuna mtu. Sisi washirika wa Bagamoyo, hii yetu ya Tukuyu wala si ile ya pwani, tumesimama makaburini tukiyasikia maneno hayo mara nyingi mno, na tunasema wazi kwamba hatukubaliani nayo. Sehemu kubwa ya kinachoitwa uzee inatoka kwenye sahani.

Hatukatai kwamba mwili huchoka. Barzilai Mgileadi alipofikisha miaka 80 alimwambia mfalme Daudi kwamba hawezi tena kutambua ladha ya anachokula wala anachokunywa, na hakuona haya kulisema. Uzee upo. Misuli hupungua, meno hutoka, figo hulegea, hata kiu haisikiki kama zamani, ndiyo maana mzee anaweza kukauka maji mwilini huku ndoo iko karibu naye. Lakini someni habari za Barzilai tangu mwanzo. Huyo ndiye aliyempelekea Daudi jangwani ngano, shayiri, maharage, dengu, asali, siagi na kondoo, na katika umri huo wa miaka 80 alishuka kutoka kwao mpaka Yordani kumsindikiza mfalme. Alizeeka, lakini alikuwa bado anatembea, tena alikuwa bado anawalisha wengine.

Anayesema presha ni mali ya wazee aulizwe habari za Kavirondo. Mwaka 1929 daktari mmoja aliyeitwa Donnison, aliyekuwa akifanya kazi Kavirondo Kusini, magharibi ya Kenya, aliandika matokeo ya kuwapima shinikizo la damu watu wapatao 1,000, vijana kwa wazee. Hadi umri wa miaka 40 hivi walilingana na Wazungu. Baada ya hapo njia zikaachana: kwa Wazungu shinikizo liliendelea kupanda, kwa watu wa Kavirondo halikupanda, na kwa wazee kabisa lilishuka. Katika wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hospitalini kwake kwa miaka miwili hakumwona hata mmoja wa presha ya kupanda. Ikiwa presha inaletwa na miaka, miaka ya wazee wale ilikwenda wapi?

Wengine watasema hiyo ni damu ya kabila fulani, ni bahati yao. Jibu lilipatikana kwa wenyeji wa eneo hilohilo. Miaka ya 1980 watafiti waliwafuatilia Waluo waliotoka vijijini kwenda kuishi Nairobi. Damu ilikuwa ileile na babu walikuwa walewale. Muda mfupi tu baada ya kufika mjini shinikizo lao lilikuwa juu kuliko la wenzao waliobaki kijijini, na mkojo wao ulionyesha chumvi nyingi zaidi na potasiamu pungufu. Potasiamu ndiyo iliyomo kwa wingi katika ndizi, maharage, viazi, parachichi na mboga za majani. Yaani ndiyo iliyojaa kwenye miteremko yetu, tunayoipakia kwenye malori kila wiki.

Hapa nchini, uchunguzi uliofanyika katika vijiji vya Kilimanjaro, Morogoro na Mara na kuchapishwa mwaka 1989 ulikuta kisukari kwa chini ya mtu 1 kati ya watu wazima 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliogusa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta watu 9 kati ya 100 wana kisukari na 26 kati ya 100 wana presha. Vipimo havikufanana kila kitu na huu wa pili ulihusisha pia watu wa mjini, hilo tunalikubali. Hata hivyo wajukuu hawakuzaliwa na miili tofauti na ya babu zao. Kilichobadilika ni jiko, na pamoja na jiko mwendo wa miguu, maana siku hizi hata kwenda sokoni ni bodaboda.

Sasa tuitazame Rungwe yenyewe. Mvua haituachi. Mgomba unaota nyuma ya kila nyumba, maharage yanapandwa chini yake, ng'ombe wa maziwa yuko bandani, parachichi linaanguka lenyewe, na usipa unapanda kutoka Ziwa Nyasa. Mtu wa Dodoma akielezwa habari hizi hudhani anaelezwa Edeni. Lakini ingia nyumbani kwa mzee anayeishi peke yake saa nne asubuhi uone anachokula: chai ya rangi yenye sukari vijiko vinne na andazi la juzi. Mchana ni ugali wa sembe iliyokobolewa mpaka ikawa nyeupe kama chaki, na mchuzi. Ndizi zimeuzwa. Maziwa ya asubuhi yamekwenda kwenye kituo cha kukusanyia, ya jioni yamekwenda kwa jirani mwenye duka. Parachichi zuri limekwenda ng'ambo, na lililopasuka amepewa nguruwe. Mwanawe aliye mjini akija sikukuu anamletea, kwa heshima yote, katoni ya soda na mkate mweupe. Na mzee, kwa kuwa amelelewa vizuri, anasema "ndaga fijo".

Wala tusiwatazame wazee peke yao, maana uzee mbaya huanza utotoni. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Mkoa ulioongoza haukuwa mkoa wa ukame. Ulikuwa Iringa, ambako zaidi ya nusu ya watoto wamedumaa, ukifuatiwa na Njombe na Rukwa. Hii ndiyo Nyanda za Juu Kusini, ghala la chakula la taifa, majirani zetu na ndugu zetu. Mtoto aliyedumaa hapati akili yake kamili darasani, na akikua huwa mwepesi zaidi kupatwa na kisukari na presha. Anayepewa uji mtupu akiwa na mwaka mmoja ndiye mzee wa kiharusi wa kesho.

Hapo tuwe waangalifu, kwa sababu wapo wanaodhani tunahubiri kurudi kwa mababu na kula ndizi tupu. La. Hugh Trowell, daktari aliyekuja Kenya mwaka 1929 na baadaye akafanya kazi miaka mingi katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliwaona watoto wa Buganda wakivimba miguu, ngozi ikibanduka, nywele zikigeuka rangi. Walikuwa wakishiba. Waliachishwa ziwa wakapewa matoke, na matoke peke yake hayajengi mwili. Ugonjwa huo ni kwashakoo, na Trowell na wenzake waliuandikia kitabu kizima mwaka 1954. Dawa yake iko bandani na shambani kwetu: maziwa, maharage, yai, dagaa. Mama anayeuza lita zote na kumpondea mtoto ndizi na chumvi amekalia dawa bila kujua, na hakuna aliyemwambia kanisani ingawa anakuja kila Jumapili.

Trowell huyo huyo ndiye aliyeandika mwaka 1956, pamoja na mwenzake, habari za Mwafrika mmoja wa Afrika Mashariki aliyepatwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Lilikuwa jambo la nadra kiasi cha kuandikiwa makala ya kitabibu kwa mtu mmoja tu! Baadaye, akishirikiana na Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa Uganda na Mkristo wa dhati, alisisitiza kwamba nyuzinyuzi zinazoondolewa kinuni na mashineni ndizo kinga ya mwili. Na jambo linalotufurahisha sisi ni hili: alipostaafu udaktari alibarikiwa kuwa kasisi. Hakuona kwamba amehama kutoka shughuli za mwili kwenda shughuli za roho.

Kwetu utengano huo upo na ndio tunaoupinga. Mhubiri akigusa chakula, wapo wanaonung'unika kwamba ameacha Injili. Injili ipi? Bwana alipomfufua binti Yairo, neno lililofuata lilikuwa kwamba apewe chakula. Eliya alipokata tamaa chini ya mti, malaika hakuanza na mahubiri, alianza na mkate na maji, mara mbili, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu. Danieli na wenzake walikataa meza ya mfalme, wakaomba mtama na maji kwa siku kumi, nao wakaonekana wana afya kuliko waliokula vinono. Na Paulo aliwakemea Wakorintho kwa sababu kwenye meza ya Bwana mmoja alishiba na mwingine akabaki na njaa. Hilo la mwisho lilipaswa kututia hofu kuliko yote.

Maana tazama meza zetu wenyewe. Kwenye ubarikio, harusi, kumuaga mchungaji, mkutano wa akina mama, ni pilau la mafuta, nyama choma, soda mbili kwa kila mgeni na keki. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 hivi kwa siku kwa mtu mzima, na ingekuwa heri isizidi 25. Chupa moja ya soda ina zaidi ya gramu 30. Kamati ya chakula haijawahi kuandika mboga za majani kwenye bajeti, kwa hoja kwamba ni chakula cha nyumbani, tutachekwa. Tuchekwe na nani? Mzee mwenye kisukari anakaa kiti cha mbele kwa heshima, anapewa soda ya kwanza kwa heshima, na wiki inayofuata anaombewa kwa heshima.

Na juu ya maombi tuseme bila kuzunguka. Tunaamini Mungu anaponya. Hatuamini kwamba ametuma mtu kumwambia mgonjwa aache vidonge. Mwaka 2011 watu walisafiri kutoka kila pembe ya nchi, na kutoka nchi jirani, mpaka Samunge huko Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500 kilichosemwa kuwa kinaponya kisukari na magonjwa mengine sugu. Wapo waliofia njiani na kwenye foleni. Foleni zile zimekwisha, lakini mafuta, chupa za maji na unga wa mizizi bado vinauzwa kwa jina la Bwana, na kila muuzaji ana ushuhuda mmoja na hana kipimo hata kimoja. Kisukari kina kipimo. Presha ina kipimo. Aliyepona apimwe, tumshukuru Mungu pamoja tukiwa na karatasi mkononi.

Wazee wetu wa Kinyakyusa walikuwa na neno, ukwangala: kukaa pamoja, kula pamoja, kufurahiana kwa mazungumzo. Mtu aliyekula nyama peke yake gizani alitiliwa shaka. Uchawi tuuache, lakini macho yao yalikuwa makali kwenye jambo moja: walijua nani amekula na nani hajala. Sisi tunajua nani ametoa ahadi na nani hajatoa.

Kwa hiyo tuna maneno kwa baraza la wazee. Kipimo cha presha kinunuliwe, kikae mlangoni kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Manesi tunao kwenye kwaya. Soda kwenye shughuli za kanisa ziondoke, yawekwe maji, maziwa na ndizi mbivu. Siku ya mavuno, watu wanapoleta mikungu, maharage, mayai na ndoo za maziwa madhabahuni, vitu hivyo hupigwa mnada baada ya ibada, na mwenye fedha huondoka navyo wakati mjane aliyeleta yai moja anarudi nyumbani kwenye chai ya rangi. Tunataka sehemu ya kumi ya mavuno isiingie mnadani, bali ipelekwe kwa wazee wanaoishi peke yao na kwa watoto ambao kadi zao za kliniki zimeshuka chini ya mstari.

Mtunza hazina ameshauliza paa litamalizwa na nini. Paa limengoja miaka mitatu na linaweza kungoja mavuno mengine. Orodha ya wazee hao tunayo, nayo si ndefu. Vijana wawili wenye vikapu wanaweza kuwazungukia wote kwa miguu Jumamosi moja, kabla mvua ya saa nane haijaanza.