Kliniki zipime na urefu wa watoto

Mhariri,

Mwandishi wa barua hii ana mjukuu wa kike mkoani Iringa. Tangu azaliwe hajakosa kliniki hata mwezi mmoja. Hutundikwa kwenye mizani, akalia, akasomewa kilo, na nukta kwenye kadi ikaangukia kijani. Mama yake huambiwa mtoto anaendelea vizuri. Alipotimiza miaka miwili, bibi yake alichukua tepu ya fundi cherehani akampima: sentimita 77. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa kike wa umri huo hukaribia 86. Akiwa chini ya 79, amedumaa.

Muda wote huo kadi ilikuwa ya kijani!

Udumavu ni ufupi usiolingana na umri, na mizani haiuoni. Uji mweupe wa sembe na sukari huweza kumnonesha mtoto mashavu huku mwili ukikosa protini na madini ya kuurefusha. Wenye kudai kwamba ukoo fulani ni wa wafupi tu wakumbuke jinsi viwango hivyo, vilivyotolewa 2006, vilivyopatikana: walipimwa watoto waliolishwa na kutunzwa vizuri Accra, Muscat, Delhi, Oslo, Pelotas na Davis, wakaonekana kurefuka karibu sawa.

Inauma zaidi kwa sababu hapa chakula kipo. Mahindi, maharage na viazi vya Nyanda za Juu Kusini hulisha miji, na parachichi za Njombe husafirishwa hadi Ulaya. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa ni takriban asilimia 57 Iringa, na karibu nusu Njombe na Rukwa, wakati wastani wa nchi ulikuwa 30. Mama huenda shambani alfajiri. Mtoto wa miezi minane, ambaye maziwa ya mama peke yake hayamtoshi tena, huachwa na dada yake wa miaka saba na kikombe cha uji mwepesi. Mayai yameuzwa mnadani ili ipatikane sabuni. Mama huyo hahitaji kukemewa. Anahitaji kuambiwa mapema, mtoto akiwa bado na miezi minane, kwamba hakui, na kuoneshwa jinsi ya kuponda maharage, dagaa na mboga vikaingia kwenye chakula chake. Baada ya miaka miwili, kilichopotea ni kigumu kurudi.

Halmashauri zimeagizwa kutenga shilingi 1,000 za lishe kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Ubao wa kupimia urefu hata seremala wa kijijini anaweza kuuchonga akipewa vipimo sahihi. Kila zahanati iwe nao, utumike kila kliniki, na mama asomewe sentimita pamoja na kilo. Mganga mkuu wa mkoa aeleze kupitia gazeti hili ni zahanati ngapi zinazofanya hivyo leo.

Bibi mwenye uchungu,
Iringa