Rap Nayo ni Ushairi

Wako wasemao kwamba rap ni makelele ya wahuni. Mimi nakataa. Juzijuzi nimezijua kazi za Menes La Plume, Mkongo aliyekuja Malawi kama mkimbizi, achanganyaye rap na ushairi kama Marcelo D2 wa Brazili achanganyavyo rap na samba. Mwaka 2014 alianzisha Tamasha la Tumaini katika kambi ya Dzaleka, mahali palipokuwa gereza zamani. Huko wakimbizi na Wamalawi hucheza pamoja. Mwaka 2023 wakimbizi waliokaa mijini waliamriwa warudi kambini. Basi sisi wa Area 23 tuna sababu kubwa zaidi ya kwenda kuwasikiliza. Mcheza kwao hutunzwa. Huyu amecheza ugenini, naye astahili kutunzwa na sisi wenyeji.