GITAA ZURI WAPEWE WANAOANZA

Kila mwaka katika muhula wa kwanza chumba cha muziki hujaa wanafunzi wa kidato cha kwanza wanaotaka kujifunza gitaa. Kufikia likizo ya Aprili huwa wamebaki watatu au wanne. Walimu husema vijana wa siku hizi hawana subira. Sisi wanafunzi nasi husema, "Huyo hana kipaji, bwana, si kila mtu anaweza." Mimi napinga kauli zote mbili, na nina sababu, kwani mimi mwenyewe nilimfukuza mtu klabuni kwa maneno kama hayo.

Klabu yetu ina magitaa mawili. Lile zuri hushikwa na sisi wakubwa. Lile lingine hupewa wageni. Mwaka jana msichana mmoja wa kidato cha kwanza alikuja siku tatu mfululizo. Alibonyeza nyuzi mpaka ncha za vidole zikawa nyekundu kama nyanya, na bado gitaa lilitoa "tup, tup" tu. Nikamwambia mbele ya wenzake, "Dadangu, jaribu netiboli." Watu wakacheka kwelikweli. Hakurudi tena.

Muhula uliofuata uzi wa gitaa zuri ulikatika, ikanibidi nichukue lile la wageni. Jamani! Nusu saa tu nikawa nafuta machozi. Kumbe nyuzi zilikuwa zimeinuka juu ya shingo kama waya za stima. Kwenye freti ya 12, gitaa la kawaida la nyuzi za chuma huwa na nafasi ya milimita 2 au 3 hivi kati ya uzi na freti. La kwetu kidole changu cha mwisho kilipita chini ya uzi bila kuguswa. Mimi niliyejiita fundi nilishindwa, sembuse mtoto wa siku tatu?

Kwa hivyo ushauri wangu wa kwanza kwako wewe unayeanza ni huu: kagua chombo kabla ya kujilaumu. Pale nyuzi zinapokalia mwilini mwa gitaa kuna kipande chembamba cha mfupa au plastiki. Ukilegeza nyuzi utakichomoa, umpelekee seremala akisugue kwa msasa upande wa chini. Asiwe na haraka. Ukipunguza milimita 2 hapo, kwenye freti ya 12 uzi unashuka milimita 1 tu. Lakini akizidisha, nyuzi zitagonga freti na kulia kama nzi ndani ya chupa. Sisi tulifanya hivyo kwa ruhusa ya mlezi wa klabu, na seremala hakutoza hata senti.

La pili ni kutyuni, yaani kupatanisha sauti za nyuzi. Gitaa lisilotyuniwa humdanganya hata anayebonyeza sawasawa. Nyumbani unaweza kutumia programu ya simu, lakini shuleni simu ni marufuku, basi jifunze njia ya wazee. Bonyeza uzi wa sita, ule mnene, kwenye freti ya 5: sauti hiyo ndiyo ya uzi wa tano ukiwa wazi. Wa tano kwenye freti ya 5 hukupa wa nne, na wa nne hukupa wa tatu. Hapo angalia, maana wengi hupotea: uzi wa tatu unabonyezwa freti ya 4 ndipo upate wa pili. Kisha wa pili unarudi freti ya 5 kukupa wa kwanza.

Ukibonyeza, weka kidole karibu kabisa na chuma cha freti, si katikati ya nafasi. Hutahitaji nguvu nyingi. Kata kucha za mkono wa kushoto. Dakika 15 kila siku zashinda saa mbili za Jumapili, kwa sababu ngozi ya vidole hukomaa polepole kwa majuma kadhaa. Anza na kodi (si zile za serikali!) za vidole viwili vitatu, kama E ndogo, halafu A na D. Ile F ya kulaza kidole juu ya nyuzi zote achana nayo kwanza. Imewavunja moyo wengi.

Tena usidharau vidole viwili. Jean-Bosco Mwenda wa Kongo, aliyerekodiwa "Masanga" mwaka 1952, alipiga kwa gumba na kidole cha shahada, na utadhani ni watu wawili. Hapa kwetu magharibi George Mukabi alisifika kwa upigaji wa namna hiyo. Nao Abana ba Nasery walimweka mwenzao agonge chupa ya Fanta kushika mdundo. Kwa hivyo ukiwa hujafikiwa na zamu, usikae bure ukichungulia. Gonga chupa. Mwenye mdundo mkononi hujifunza gitaa upesi kuliko mwenye kodi ishirini asiyejua kuhesabu.

Sasa nirudi kwa magitaa yetu mawili. Nimependekeza kwa mlezi kwamba lile zuri wapewe wanaoanza, sisi wakubwa tuchukue lile lingine. Wenzangu wamenikasirikia, eti tumevuja jasho miaka miwili ili tulifikie. Lakini anayejua hulitambua kosa la gitaa na kulikwepa, ilhali anayeanza hudhani kosa ni lake. Mbona basi tumpe mgonjwa kitanda kibovu na mzima tumpe godoro?

Mlezi bado hajaamua. Yule msichana sasa yuko kidato cha pili. Jioni moja nilimwendea langoni nikamweleza habari za ule mfupa na msasa, nikamwomba msamaha. Hakusema amenisamehe. Aliniuliza tu lile gitaa zuri huwa halina mtu siku gani. Nikamwambia Alhamisi, ambayo ndiyo zamu yangu.