MASHINE YA KUONA MOTO IJARIBIWE PAMOJA NA SISI



Katika mwaka wa sita tumebishana sana, na wenzetu wametuomba sisi makapita tuandike mawazo yetu. Swali ni hili: katika nchi tajiri serikali na makompanyi wanapatana kujaribu mashine mpya za kuona moto wa pori. Je, mambo hayo yanatuhusu sisi wa Bunagana? Wengine walisema hapana, sisi tuko na vita na njaa, moto wa pori ni habari ya watu walioshiba. Sisi tunasema yanatuhusu sana. Lakini tuko na sharti moja: mapatano hayo yawe ya watu watatu, si ya wawili. Hata chungu hakikai juu ya mafiga mawili.

Kwanza tueleze mashine zenyewe. Kuna setilaiti zinazopita juu yetu kila siku zikitafuta joto. Chombo kimoja kinachoitwa VIIRS kinagawa dunia katika vipande vya mita 375 kila upande, na NASA inatoa habari yake bure kwa mtu yeyote mwenye intaneti, kwa kawaida katika muda wa saa 3. Katika mwezi wa Machi 2025 ilirushwa setilaiti ya kwanza ya FireSat, kazi ya Earth Fire Alliance pamoja na Google na kompanyi ya Muon Space. Wanataka ziwe zaidi ya 50, zione hata moto wa mita 5 kwa 5, na zipite kila dakika 20. Huko California, kikosi cha moto cha serikali na chuo kikuu cha San Diego walianza mwaka 2023 kujaribu kompyuta inayotazama kamera zaidi ya 1,000 na kupiga kelele ikiona moshi.

Msifikiri ni mambo ya wazungu peke yao. Afrika ya Kusini, taasisi ya utafiti CSIR na shirika la umeme Eskom walianza kazi hiyo karibu mwaka 2004, kwa sababu moto wa majani chini ya nyaya ulikuwa unakata umeme. Setilaiti ikiona moto karibu na nyaya, ujumbe unaingia katika simu ya mfanyakazi. Na hapa kwetu, mbuga ya Virunga, iliyoundwa mwaka 1925, inaongozwa na ICCN ya serikali pamoja na Virunga Foundation, na umeme wa Matebe ulitoka katika mapatano hayo mwaka 2015. Kumbe njia ya serikali na watu binafsi kushikana mikono tunaijua.

Sasa, kwa nini tusingoje wajaribu kwao, halafu watuletee kitu kilichokwisha tayari? Kwa sababu kiatu kilichopimwa katika mguu wa mwingine kitakubana. Mashine iliyofundishwa California haijui Nyamulagira na Nyiragongo. Volkano hizi zikitoa lava, setilaiti inaandika kwamba kuna moto. Haijui tena mawingu yetu, yanayofunika Mikeno na Sabyinyo siku nyingi, na setilaiti hizi hazioni kupita katika mawingu mazito. Haijui mama anayechoma magugu mbele ya kupanda maharagi, moto ambao yeye mwenyewe anaulinda na kuuzima.

Mmekwisha kusikia ya mwezi wa Agosti 2019? Ulimwengu wote ulikuwa unalia juu ya moto wa Amazon. Setilaiti zikaonyesha kwa siku mbili nukta nyingi za moto katika Angola na Kongo kuliko Brazili. Watu wa mbali wakashtuka, wakasema msitu wa Kongo unaungua. Lakini sehemu kubwa ilikuwa moto wa mashamba na wa majani makavu, kama kila mwaka. Jicho lilihesabu vizuri, lakini halikumwuliza mwenye shamba.

Tena, kuona si kuzima. Mwezi wa Oktoba 2020 moto uliwaka juu ya Kilimanjaro na kula kilometa za mraba zaidi ya 95. Moshi na ndimi za moto zilionekana mbali. Nani aliyepanda kuuzima? Mamia ya watu: askari wa mbuga, watu wa vijiji, na wanafunzi wa chuo cha Mweka, na matawi ya miti mikononi. Kwetu ni vile vile. Ujumbe ukifika Kinshasa au Amerika saa tisa, na kilima chetu kikawaka saa tisa, nani atampigia simu mzee wa kijiji? Bunagana iliingia mikononi mwa M23 tarehe 13 Juni 2022, na watu wengi walikimbilia Kisoro. Tangu siku ile tumejifunza kwamba karatasi iliyopigwa mhuri mbali inaweza kukosa njia ya kufika. Na Sabyinyo ni mlima wa nchi tatu. Moto hauonyeshi kitambulisho mpakani.

Kuna jambo ambalo wakubwa hawapendi kusikia. Watu wanaogopa jicho hilo. Baba anayechoma makala ili kulipa minervali ya mtoto atasema: leo linatafuta moto, kesho litanitafuta mimi. Hatusemi kukata miti ya mbuga ni vizuri. Lakini kama mashine ya kuokoa itageuka mashine ya kufunga, hakuna mtu atakayetoka nyumbani na panga siku ya moto, na mashine itabaki kutazama peke yake.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu kwa yeyote atakayeleta mapatano kama hayo. Moja, ajaribu mashine yake hapa, chini ya volkano na mawingu haya. Mbili, ujumbe ufike kijijini kwa Kiswahili na Kinyarwanda, kwa simu ndogo, kwa redio, hata kwa kengele ya shule. Tatu, wazee, wamama na vijana wakae mezani mbele ya sahihi, na iandikwe kwamba habari ya moto ni ya kuzima moto tu.

Na sisi tusikae mikono mitupu. Tunashauri shule ianze daftari moja. Kila mwanafunzi akiona moto kilimani aandike tarehe, saa, mahali, na kama ni shamba, makala, warina asali au umeme wa mvua. Nyuma ya mwaka mmoja tulinganishe daftari letu na nukta za setilaiti. Hapo tutaweza kumwonyesha mgeni wapi mashine inasema kweli na wapi inadanganyika. Sisi wa mwaka wa sita tunaondoka nyuma ya mtihani wa Serikali. Ninyi wa mwaka wa tano, daftari hilo ni lenu.

Makapita wa shule, mwaka wa 6